Maswali ninayoulizwa sana kuhusu kutengeneza tovuti inayotumika na kila mtu

Nilikuwa fundi simu Ngamiani, Tanga, kabla sijaanza kutengeneza tovuti, na mpaka leo watu hunifuata kibandani palepale: mmoja na kioo kilichopasuka, mwingine na swali la HTML, ile lugha ya kuandikia kurasa za wavuti. Maswali ya hawa wa pili yanajirudia mno, nami nimechoka kuyajibu kwa sauti za WhatsApp za dakika saba. Nimeyaandika hapa kama ninavyoyajibu nikiwa na bisibisi mkononi, kwa hiyo mengine yana majibu marefu na mengine ya mstari mmoja.

Sijasoma chuo. Naweza kweli kuwa mtengeneza tovuti?

Unaweza. Cheti changu cha mwisho ni cha kidato cha nne. HTML yangu ya kwanza niliiandika kwenye simu, usiku, kwa kuwa bando la usiku ndilo nililolimudu. Kazi hii ina jambo moja ambalo ufundi mwingine hauna: ukurasa wowote ukikupendeza, unafungua msimbo wake na kuusoma. Fundi seremala gani atakuachia karakana wazi namna hiyo?

Lakini tahadhari. Aliyejifunza mwenyewe hujifunza kwa macho. Ukurasa ukikaa vizuri kwenye skrini yake, kwake kazi imekwisha. Nyuma yake hakuna mtu wa kumuuliza, na asiyeona je? Na ambaye mkono wake unatetemeka? Mimi nilikaa miaka miwili nikipokea hela za watu bila kuulizwa hayo.

Ulijuaje kwamba unakosea?

Nilitengeneza tovuti ya nyumba moja ya wageni upande wa Raskazone, kurasa tano. Ilikuwa nzuri, naapa: picha za bahari, menyu inayoteleza, rangi ya dhahabu. Mwenye nyumba, mama wa makamo, aliifurahia akamsifia jirani yake, mwalimu mstaafu asiyeona. Huko kusifia ndiko kulikoniumbua.

Mwalimu alikuja kibandani na kompyuta mpakato ya zamani aliyoifunga kwa mpira. Nikamwamkia, akaitika, akaketi kwenye kigoda. "Mwanangu," akasema, "nataka kumwekea mgeni wangu chumba, lakini tovuti yako inanisemesha Kizungu. Hebu sikiliza." Akachomoa waya wa spika za masikioni ili sote tusikie.

Kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti kilichomo kwenye skrini, kikaanza. "Karibuni" ilitoka kama imetamkwa na Mwingereza aliyeshuka melini jana. Kilipofika kwenye orodha ya vyakula, "wali wa nazi" ikasomwa kwa matamshi ya kile chama cha Hitler. Mafundi wenzangu walicheka mpaka mmoja akaangusha bisibisi. Mwalimu hakucheka. Aliendelea kubonyeza Tab, na mashine ikaendelea na Kizungu chake: kiungo, kiungo, kitufe, kitufe, kitufe, kitufe. Vitufe vinne mfululizo visivyo na jina, na kimojawapo ndicho cha kuweka nafasi ya chumba.

"Sasa hapa," akauliza, "nibahatishe kama nacheza bahati nasibu?"

Nilitaka kumwambia kwamba tovuti ile ni ya watalii. Bahati njema nilinyamaza.

Makosa yalikuwa mawili, yote yangu. Kiolezo nilichokipakua bure kilikuja na lang="en" juu kabisa ya ukurasa, nami nikaandika Kiswahili kitupu ndani yake bila kugusa mstari ule. Kisoma skrini hakijui lugha kwa akili yake. Kinaamini kilichoandikwa pale. Kikiambiwa Kiingereza kinaita sauti ya Kiingereza. Na vile vitufe nilivijaza vichoro tu, nyumba, bahasha, simu na kalenda, bila neno hata moja ambalo mashine ingeweza kulitamka.

Dawa? Nilibadilisha "en" kuwa "sw". Kisha nikaandika maneno kwenye vitufe: Mwanzo, Barua pepe, Piga simu, Weka nafasi. Saa moja haikutimia. Miaka miwili ya ujinga, na matibabu yake hayakufika saa moja.

Hivyo "viwango" vinavyotajwa kila mahali ni vipi?

Ni makubaliano ya namna ukurasa unavyopaswa kuandikwa ili kila kivinjari na kila kifaa kiuelewe. Shirika la W3C lilianzishwa mwaka 1994 na Tim Berners-Lee, yule aliyeubuni wavuti wenyewe. HTML siku hizi inatunzwa na kundi la WHATWG, linaloundwa na watengenezaji wa vivinjari. W3C na kundi hilo walikubaliana mwaka 2019 kwamba toleo litakalofuatwa ni hilo moja linaloboreshwa kila mara.

Kwa upande wa ufikivu, yaani tovuti kutumika na watu wenye hali mbalimbali, mwongozo ni WCAG. Toleo la 1.0 lilitoka 1999, 2.0 likatoka 2008, 2.1 mwaka 2018, na 2.2 Oktoba 2023. Umegawanyika katika ngazi A, AA na AAA. Lenga AA. AAA ina masharti ambayo hata waandishi wa mwongozo hawapendekezi yatimizwe kwa tovuti nzima, na A peke yake bado inamwacha mtu mlangoni.

Usianze kwa kuusoma wote. Umeandikwa kwa lugha ya mikataba, utalala.

W3Schools ndiyo W3C?

Hapana. W3Schools ni ya kampuni ya Norway na haihusiani na W3C. Inafaa kwa kuchungulia kitu haraka, ila usimwambie mteja "nimesomea W3C" kwa sababu ulipitia mazoezi yake. Nimewasikia wanaosema hivyo.

Mambo haya si ya wasioona tu?

Hapo ndipo wengi wanapokosea, hata wale wenye nia njema. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, karibu asilimia 16 ya watu wote, wana ulemavu wenye uzito. Wasioona ni sehemu tu ya hao.

Mchukulie kiziwi. Tovuti nyingi za hapa kwetu mawasiliano yake ni namba ya simu na neno "Piga". Apige amwambie nani nini? Weka namba inayopokea ujumbe mfupi au WhatsApp, uandike wazi kwamba ujumbe unapokelewa. Na kama mteja ana video ya kujinadi, iwekee maandishi chini yake. Nilipomwekea mteja mmoja maandishi, aligundua kwamba hata wanaosikia huitazama video bila sauti wakiwa kwenye daladala.

Mchukulie pia mchuuzi wa samaki pale Deep Sea saa sita mchana, jua limesimama utosini, simu ina ufa katikati na vidole vimelowa maji ya chumvi. Huyu hana ulemavu wowote. Lakini ukimwandikia kijivu hafifu juu ya nyeupe, wakati ule haoni. Ukimwekea vitufe vidogo vilivyobanana, atabonyeza kisicho chake. WCAG 2.2 inataka sehemu ya kubonyeza isipungue pikseli 24 kwa 24. Mimi huweka 44, maana nimeviona vidole vya wavuvi.

Nianzie wapi kwenye ukurasa wangu?

Anza na HTML tupu, kabla ya rangi, kabla ya kitu chochote kinachoteleza. Andika ukurasa kama unaandika barua: kichwa kimoja kikuu, vichwa vidogo chini yake, aya, orodha, majedwali. Ufungue bila CSS, ule msimbo wa rangi na sura. Ukisomeka hivyo, wenye sura mbaya lakini mpangilio unaoeleweka, una msingi. Usiposomeka, urembo wote utakaouweka ni chokaa juu ya ukuta wenye nyufa.

Vichwa vya habari ndivyo vinavyodharauliwa kuliko vyote. Watu hutumia h1 kwa sababu wanataka herufi kubwa na h4 kwa sababu wanataka ndogo. Ukubwa wa herufi ni kazi ya CSS. Vichwa ni ramani. Mwalimu alinionyesha: kwenye NVDA, kisoma skrini chake, anabonyeza H, anaruka kutoka kichwa hadi kichwa kama wewe unavyopitisha macho gazetini. Ukurasa usio na vichwa unamlazimu asikilize kila neno tangu juu hadi chini, matangazo ya vidakuzi yakiwemo.

Kitufe kiwe button, kiungo kiwe a yenye href. Nasema hivi kwa sababu nimefungua misimbo ya vijana wengi hapa mjini nikakuta div, kisanduku kitupu kisicho na kazi maalumu, imevalishwa rangi na kivuli, ikaitwa kitufe. Kwa macho ni kitufe. Kwa kibodi haipo kabisa. Tab inaipita kama mtu anayemkwepa anayemdai. Button halisi unapewa bure uwezo wa kufikiwa kwa Tab, kubonyezwa kwa Enter na kutambulishwa na kisoma skrini. Ukitumia div inakubidi uyajenge yote hayo upya kwa JavaScript, lugha ya kuupa ukurasa matendo, na utasahau mojawapo.

Ukiingiza sentensi ya Kiingereza ndani ya ukurasa wa Kiswahili, iwekee lang="en" yake hapohapo. Neno mojamoja lililokwisha kuzoeleka liache.

Rangi gani zinakubalika?

Rangi zote zinakubalika. Kinachopimwa ni tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandhari yake. Kwa ngazi AA maandishi ya kawaida yanahitaji angalau 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Kijivu cha #777777 juu ya nyeupe kinapata 4.48, kimefeli. Kijivu cha #767676 kinapata 4.54, kimefaulu. Jicho lako halioni tofauti hapo, ndiyo maana tunatumia kipimo wala hatukadirii.

Sasa lile la kwetu. Karibu kila tovuti ya biashara ndogo Tanzania ina kitufe cha kijani cha WhatsApp, #25D366, chenye maandishi meupe. Kipime. Ni karibu 2 kwa 1, hata nusu ya kinachotakiwa hakifiki. Yaani kitufe ambacho mteja anakitegemea kumletea hela ndicho kisichosomeka juani. Weka maandishi meusi juu ya kijani kilekile, unapata zaidi ya 10 kwa 1. Wateja wangu wawili walilalamika kwamba nyeusi "haijazoeleka". Niliwatoa nje ya duka na simu zao, nikawaambia wasome. Hawakulalamika tena.

Na usitumie rangi peke yake kutoa habari. "Vyumba vyenye nyekundu vimejaa" haimsaidii asiyetofautisha nyekundu na kijani. Andika neno "Kimejaa".

Mteja amenitumia tangazo la picha lenye bei zote. Niliweke tu?

Hili ndilo tatizo kubwa la tovuti za kwetu, kubwa kuliko rangi. Mtu ametengenezewa bango zuri la WhatsApp: picha ya chumba, bei za vyumba sita, namba mbili za simu, na aya ya Kurani au ya Biblia chini. Anataka liwe ndiyo ukurasa wa bei. Kwa kisoma skrini hiyo ni picha moja, kimya. Kwa mwenye uoni hafifu anayekuza maandishi, herufi zinakuwa ukungu. Google nayo haisomi bei zile kama inavyosoma maandishi. Na bango lililopakiwa lilivyo, megabaiti nne, linakula bando la mgeni kabla hajajua bei.

Usijaribu kuyabana yote kwenye alt, yale maelezo ya picha yanayoandikwa ndani ya msimbo ili kisoma skrini kiyasome. Alt ni ya sentensi moja au mbili. Chapa bei kwenye jedwali halisi, lenye vichwa vya safu kwa th, kisha bango libaki pembeni kama pambo. Likiwa pambo tu, lipe alt="" tupu, na kisoma skrini kitalipita kimya. Ukiacha kuandika alt kabisa, mashine inaweza kusoma jina la faili, na hakuna mgeni anayetaka kusikia "IMG underscore 2023" na tarakimu nane zinazofuata.

Alt nzuri inategemea picha imewekwa pale kwa sababu gani. Picha ya magofu ya Tongoni kwenye ukurasa wa safari: "Nguzo za makaburi ya kale ya Tongoni kati ya miti". Picha hiyohiyo ikiwa kiungo cha kuweka nafasi: "Weka nafasi ya safari ya Tongoni". Usianze na "Picha ya". Kisoma skrini kimeshasema ni picha.

Fomu zangu watu hawamalizi. Kwa nini?

Mara nyingi kwa sababu umeandika jina la sehemu ndani ya kisanduku, kwa maandishi hafifu yanayofutika mtu akianza kuchapa. Akisita katikati hajui tena alikuwa anajaza nini. Weka label halisi juu ya kisanduku, iunganishwe nacho kwa for na id. Faida yake nyingine: ukigusa label, kisanduku kinafunguka, jambo la msaada kwa mkono unaotetemeka.

Halafu acha ukali usio na maana kwenye namba za simu. Watu wanaandika 07, wengine +255, wengine wanaacha nafasi katikati. Pokea zote, uzisafishe mwenyewe upande wa seva. Tumia type="tel", usitumie type="number", maana ukiihifadhi kama hesabu ile sifuri ya mwanzo inapotea. Na kosa likitokea, liseme kwa maneno palepale lilipo: "Namba ya simu imepungua tarakimu moja". Kisanduku kuwa chekundu peke yake hakusemi kitu.

Usilazimishe "jina la kwanza" na "jina la ukoo". Wenzetu wengi wana majina matatu, na la katikati ni la baba. Kisanduku kimoja, "Jina kamili", kinatosha.

Saa niziandikeje, za Kiswahili au za kimataifa?

Zote mbili. Mama wa Raskazone alisema wageni waondoke saa nne asubuhi, nami nikaandika 4:00 asubuhi. Mgeni kutoka nje aliamka usiku wa manane akidhani anafukuzwa. Sasa naandika "saa 4 asubuhi (10:00)", na ndani ya msimbo natumia tegi ya time yenye datetime="10:00" ili kalenda na mashine nyingine zisichanganyikiwe. Ukurasa wa Kiingereza wa tovuti hiyohiyo una 10:00 peke yake.

Nitajaribuje bila kununua chochote?

Anza kwa kuweka kipanya pembeni. Tumia Tab, Shift na Tab, Enter, na mishale. Je, unaona uko wapi kila wakati? Kama uliondoa ule mstari unaozunguka kitu kilichochaguliwa kwa sababu "unaharibu sura", urudishe. Anayetumia kibodi bila mstari huo ni sawa na anayepita mapango ya Amboni bila tochi na bila mwongozaji.

Kisha kuza ukurasa mpaka asilimia 200, halafu 400 ukiwa kwenye kompyuta. Maandishi yakatike mistari vizuri, mtu asilazimike kuvuta ukurasa kushoto na kulia. Kama kiolezo chako kina user-scalable=no, futa. Huna haki ya kumzuia mtu kukuza herufi kwenye simu aliyoinunua kwa pesa zake.

Kwa kusikiliza, pakua NVDA, ya kompyuta za Windows. Ni bure. Aliianzisha mwaka 2006 Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, na mwenzake James Teh, naye asiyeona, akajiunga naye, kwa sababu visoma skrini vilivyokuwepo viliuzwa ghali. Sauti ya eSpeak inayokuja nayo inasoma Kiswahili, kwa lafudhi ya roboti lakini inaeleweka. Kwenye Android kuna TalkBack: telezesha kidole kulia kwenda kitu kinachofuata, gusa mara mbili kukifungua. Jifunze kwanza namna ya kuizima, tafadhali. Nimepokea simu tatu kibandani zilizoletwa kama "zimeharibika, zinaongea peke yake", na wenyewe walikuwa wameiwasha TalkBack wakashindwa kutoka.

Zima skrini au funga macho, jaribu kuweka nafasi kwenye tovuti yako mwenyewe. Jipe dakika kumi. Ukishindwa wewe uliyeijenga, jibu umelipata.

Lighthouse imenipa 100. Nimemaliza?

Hapana. Lighthouse ni zana ya Google inayokagua ukurasa na kuupa alama. Mashine inajua kwamba alt ipo. Haijui kwamba umeandika "picha" kwenye picha zote arobaini. Hata hivyo usizidharau zana hizo, kwa maana wengi hatufiki hata hapo: WebAIM, shirika la masuala ya ufikivu, walipokagua kurasa za mwanzo za tovuti milioni 1 mwaka 2024, asilimia 95.9 zilikuwa na makosa ya WCAG yanayogundulika na mashine tu, na kosa lililoongoza lilikuwa maandishi hafifu. Tumia Lighthouse, WAVE au axe kuondoa makosa ya wazi, pitisha HTML yako kwenye kikaguzi cha W3C, halafu rudi kwenye kibodi na masikio.

Kuna programu ya kubandika mstari mmoja tovuti ikawa fikivu. Inafaa?

Kile kitufe chenye mchoro wa mtu pembeni mwa ukurasa? Achana nacho. Hakiwezi kujua kitufe chako kisicho na jina kinafanya nini, na watu wengi wasioona wanalalamika kwamba kinagombana na kisoma skrini walichokizoea. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza kuitoza kampuni moja ya bidhaa hizo dola milioni 1 kwa kudai kwamba zinaweza kuifanya tovuti yoyote itimize WCAG.

Natumia WordPress. Haya yote yananihusu?

Yanakuhusu. Chagua mandhari iliyowekewa alama ya ufikivu kwenye orodha yao, punguza programu-jalizi, na ukumbuke kwamba vichwa, alt na majedwali bado unaviandika wewe.

Mteja anasema hana wateja vipofu, na hataki kuongeza bei.

Usimwongezee. Ukiijenga hivi tangu mwanzo haikuli muda wa maana. Kinachokula muda ni kubomoa na kujenga upya. Mimi siandiki "ufikivu" kama kipengele kwenye ankara, kama ambavyo fundi mwashi haandiki "nyumba isianguke".

Na hilo la kutokuwa na wateja wasioona, mwulize amejuaje. Mlango ukiwa umefungwa huhesabu walioondoka. Mkoa wetu wenyewe una shule ya wasioona pale Irente, Lushoto, na wanaosoma huko wanakua, wanaajiriwa, wanasafiri, wanalala nyumba za wageni.

Kama hayo hayamgusi, mwonyeshe kwenye simu yake mwenyewe ukurasa mwepesi unavyofunguka upesi. Hilo linawagusa wote.

Sheria inasemaje?

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 9 inataja ufikiaji wa taarifa na mawasiliano, intaneti ikiwemo. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Ukipata kazi ya wateja wa Ulaya, na siku hizi vijana wa hapa wanazipata, jua kwamba sheria yao ya ufikivu ilianza kutumika tarehe 28 Juni 2025 na inagusa maduka ya mtandaoni. Mteja wa huko akikuuliza kuhusu WCAG AA usitoe macho.

Nijifunzie wapi?

MDN, tovuti ya marejeo, kwa HTML na CSS. Kozi ya bure ya W3C ya utangulizi wa ufikivu. freeCodeCamp kwa mazoezi. Sehemu kubwa ni ya Kiingereza, kwa hiyo kaa na mwenzako mtafsiriane. Mimi na rafiki yangu tulisoma hivyo kwa mwaka mzima, chai ya mchaichai katikati, mmoja akisoma mwingine akiandika msimbo.

Halafu mtafute mtu mmoja anayetumia kisoma skrini kila siku. Mlipe muda wake. Usimwombe akusaidie bure kwa sababu eti kazi ni ya manufaa yake.

Yule mwalimu alipata chumba cha mgeni wake?

Alipata, siku ileile, na aliweka nafasi mwenyewe wakati mimi nimesimama nyuma yake nikiwa na jasho. Siku hizi namlipa kila ninapomaliza tovuti. Huwa anakuja baada ya swala ya alasiri, anachomoa waya wake, na mafundi wote wanazima redio. Jumatano iliyopita aliisikiliza tovuti ya duka moja la vipuri vya baiskeli, akaisifu vichwa vyake, kisha akasimama kwenye jedwali la bei. "Mwanangu, hapa inaniambia elfu kumi na nane, elfu ishirini na mbili, elfu thelathini. Ya nini?" Nilikuwa nimesahau th. Nimeshaziweka.